Hisa Zilizohesabiwa kama Ng'ombe

Kila jioni Philipo alihesabu mara mbili. Kwanza alisimama mlangoni mwa zizi na kuhesabu ng'ombe wakiingia. Kisha alikaa kwenye kigoda, akatoa simu mfukoni, akaangalia bei ya hisa zake.

Mkewe Rahabu alikuwa amezoea. Alipopita na ndoo ya maziwa alimuuliza, "Na zile nyingine, zimerudi zote kutoka malishoni?"

"Zimerudi," Philipo alijibu. "Tena zimenenepa."

Familia hii inaishi Kilimatinde, juu kilimani, mahali unapoweza kuona treni ikipita mbali chini bondeni. Philipo alikuwa fundi wa njia ya reli. Kwa zaidi ya miaka thelathini alibadilisha mataruma na kukaza misumari kwenye jua la Saranda, kule bondeni. Rahabu alilima mtama na karanga, akakamua ng'ombe, akalea watoto. Watoto wao wengine wawili wana familia zao na wanaishi mbali. Aliyebaki nyumbani ni Calist.

Calist ni mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja. Alipokuwa mdogo aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini ubongo wake ulikuwa umeumia. Anaongea maneno machache. Ana kifafa, na lazima ameze dawa asubuhi na jioni. Hawezi kuishi peke yake. Lakini ng'ombe wote wa nyumbani anawajua kwa majina, na wao wanaijua sauti yake. Akimwita Sabuni, yule ng'ombe mweupe, Sabuni anaacha majani na kumfuata.

Philipo na Rahabu walikuwa na swali moja ambalo hawakupenda kulisema kwa sauti. Sisi tukizeeka, tukaishiwa nguvu, dawa za Calist zitanunuliwa na nani? Na tukifa?

Jibu la Philipo lilikuwa hisa.

Hisa ni sehemu ndogo ya kampuni. Ukiwa na hisa, wewe ni mmoja wa wenye kampuni. Kampuni ikipata faida, inaweza kukugawia sehemu ya faida hiyo. Sehemu hiyo inaitwa gawio. Zamani, kampuni ya mabati ya Rubeho ilipouza hisa zake kwa wananchi kwa mara ya kwanza, Philipo aliuza maksai wanne akanunua. Ndugu zake walimcheka. Walisema amebadilisha maksai kwa karatasi, na wakamuuliza kama karatasi hizo zitavuta jembe.

Kwa miaka mingi bei ya hisa hizo ilitambaa. Kisha ikaanza kupanda. Kwa miaka mitatu ikapanda na kupanda, mpaka hisa moja ikawa inauzwa mara tano ya bei ya mwanzo. Ndugu waliocheka wakaacha kucheka. Wengine wakaja kuuliza hisa zinanunuliwa wapi.

Wakati huo Philipo alikuwa anakaribia kustaafu. Angelipwa mafao ya mkupuo, yaani fungu moja kubwa mara moja tu. Baada ya hapo angepata pensheni ndogo ya kila mwezi.

Jumapili moja, Urbano alikuja kutoka Saranda. Urbano na Philipo walifanya kazi kwenye genge moja la reli tangu wakiwa vijana. Walibeba vyuma pamoja na kula kwenye sufuria moja. Urbano alikuwa amestaafu mwaka mmoja kabla.

"Mbukwenyi," aliwasalimu kwa Kigogo, akaingia kwa sauti kubwa kama kawaida yake.

Walikula ugali na mlenda. Urbano alieleza jinsi alivyofanya. Mkupuo wake wote alikuwa ameuingiza kwenye hisa za Rubeho. Baadaye aliuza na ng'ombe wake, akanunua hisa nyingine. Tangu siku hiyo bei haijawahi kurudi nyuma. Alisema kufuga ni kazi ya watu wasio na simu. Alimshauri Philipo afanye hivyo hivyo, na afanye haraka kabla bei haijapanda zaidi.

Rahabu aliuliza kama kuna mtu aliyempa uhakika huo kwa maandishi.

"Shemeji," Urbano alisema, "wewe unaogopa kitu usichoweza kukikamua."

"Na wewe hukikamui," Rahabu alimjibu. "Unakiangalia tu."

Wote walicheka. Lakini Urbano alipoondoka, Philipo alimwambia mkewe kwamba ameshaamua. Mkupuo wote utaingia Rubeho. Ng'ombe watauzwa pia, wabaki wawili wa maziwa.

Rahabu aliweka chini sahani alizokuwa amebeba.

"Na Calist?" aliuliza.

"Nafanya hivi kwa ajili ya Calist."

"Mimi nakataa kwa ajili ya Calist."

Nje, Calist alikuwa anawatenga ndama na mama zao, akiwaita mmoja mmoja kwa jina.

Asubuhi Rahabu alikwenda kwa Jenipher, jirani wa nyumba ya tatu. Jenipher alifanya kazi miaka mingi Dodoma, katika ofisi ya dalali wa hisa. Dalali wa hisa ni mtu mwenye leseni ya kununua na kuuza hisa kwa niaba ya wateja. Jenipher aliacha kazi akarudi nyumbani kumuuguza mama yake. Rahabu hakuzunguka. Alimwambia mume wake anataka kuweka maisha yao yote kwenye kampuni moja, na yeye hana maneno ya kumzuia.

Jenipher alisema hatakuja kumzuia mtu. Atakuja kumuuliza maswali.

Alikuja jioni, wakati wa kukamua. Aliwaamkia wote wawili shikamoo, akavuta kigoda karibu na Rahabu aliyekuwa anamkamua Sabuni. Alimpongeza Philipo kwa kununua hisa zamani, wakati wengine walikuwa wanacheka. Philipo alifurahi. Akatoa simu amwonyeshe bei.

"Bei nimeiona, Baba Calist. Hisa zako sasa ni ngapi?"

"Zimezaa sana."

"Nauliza idadi."

Philipo alitaja idadi. Ilikuwa ile ile aliyonunua siku ya kwanza.

"Basi hazijazaa," Jenipher alisema. "Idadi haijabadilika. Kilichopanda ni bei ya mnadani. Je, bei ya ng'ombe ikipanda mnadani, zizi lako linajaa?"

Philipo aliangalia zizi lake.

Jenipher akauliza Sabuni anatoa maziwa kiasi gani. Rahabu akamwonyesha ndoo. Akauliza ng'ombe kama huyu angeuzwa kiasi gani mnadani. Philipo akasema mnunuzi mzuri angetoa laki nane.

"Kesho mtu anakuletea ng'ombe kama Sabuni. Umri ule ule, maziwa yale yale. Anataka milioni nne. Utanunua?"

"Nitamuuliza amelala wapi na amekunywa nini."

"Maziwa ya hisa ni faida ya kampuni," Jenipher alisema. "Bei ya Rubeho imepanda mara tano. Gawio unalopata limepanda mara ngapi?"

Philipo alitafuta ujumbe wa zamani kwenye simu. Gawio lilikuwa linaingia kwenye simu yake kila mwaka, na hakuwahi kulitilia maanani, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye bei.

"Limeongezeka kidogo," alisema mwisho.

"Kidogo. Hao wanaonunua leo wananunua maziwa ya Sabuni kwa milioni nne. Wengi wananunua kwa sababu moja tu, wanaona bei inapanda. Wanatumaini atakuja mwingine anunue kwao kwa bei ya juu zaidi. Siku huyo mwingine asipotokea, bei inaanguka."

"Lini?"

"Sijui. Na mtu akikuambia anajua, mfungie mlango. Inaweza kuanguka mwezi ujao. Inaweza kupanda miaka miwili mingine. Kampuni inaweza kuanza kupata faida kubwa, na bei hiyo ikawa halali. Mimi sisemi itaanguka kesho. Nasema iko juu sana, na wewe unastaafu. Kijana akianguka ana miaka ya kuinuka. Wewe mshahara unaishia mwezi wa sita."

Hilo lilikuwa neno gumu, na Jenipher hakulilainisha. Rahabu aliendelea kukamua.

Kisha Philipo akaanza kusimulia jambo ambalo Rahabu alilisikia mara moja tu katika ndoa yao yote. Lilihusu mwaka wa ukame, alipokuwa mtoto. Baba yake alikuwa na ng'ombe wengi waliojaza mazizi mawili. Mvua zilipokuwa nzuri, wachuuzi walikuja mpaka nyumbani wakiwa na pesa mkononi. Baba yake aliwafukuza. Alisema mwanaume haondoi ng'ombe wanene zizini. Mwaka uliofuata mvua haikunyesha. Majani yakaisha, wanyama wakakonda. Watu wote wakapeleka ng'ombe mnadani wiki ile ile. Wauzaji walikuwa wengi na wanunuzi wachache. Dume zima liliuzwa kwa bei ya mbuzi. Waliobaki walianza kufa. Philipo alipewa kisu amsaidie baba yake kuchuna ngozi.

"Tulikula nyama mpaka tukaichukia," alisema. "Baada ya hapo hatukula kitu."

Alimpapasa Sabuni mgongoni.

"Baba hakukosea kufuga. Alikosea kukataa kuuza hata mmoja wakati wamenenepa."

Baada ya maziwa kuchujwa, walikaa ndani wakapanga. Jenipher alisema mstaafu asiangalie kwanza bei ya hisa. Aangalie kwanza pesa yake itahitajika lini. Ipo pesa ya karibu, ambayo mtaitumia ndani ya mwaka huu au unaofuata: dawa za Calist, chakula, kibarua wa shamba, na ugonjwa usiotarajiwa. Pesa hiyo haitakiwi kabisa kuwa kwenye hisa, kwa sababu ugonjwa hautasubiri bei ipande. Ikae benki. Sehemu inaweza kukaa kwenye akaunti ya muda maalumu, inayotoa riba kidogo.

Rahabu aliuliza kwa nini wasiiweke yote benki, au hata ndani ya nyumba, wakalala salama. Jenipher alimuuliza debe la mahindi lilikuwa bei gani miaka kumi iliyopita, na leo ni bei gani. Rahabu alielewa. Pesa iliyofichwa kwenye godoro haiibiwi na mwizi peke yake. Bei za vitu zinapopanda, nayo inapungua nguvu.

Kwa hiyo ipo pesa ya kati, ya miaka inayofuata. Hiyo inaweza kununua hati fungani za serikali. Hapo unaikopesha serikali kwa miaka fulani. Inakulipa riba kila baada ya miezi sita, na muda ukiisha inakurudishia pesa yako. Jenipher aliwaonya jambo moja. Ukitaka kuiuza hati hiyo kabla ya wakati wake, unaweza kupata pungufu. Ndiyo maana pesa ya dawa ya kesho haiwekwi huko.

Mwisho ipo pesa ya mbali. Hiyo ndiyo inayoweza kubaki kwenye hisa, kwa sababu ina muda wa kungoja bei ikianguka.

"Lakini isikae kwenye kampuni moja," Jenipher alisema. "Ipo mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Unanunua vipande vya mfuko, na mfuko unagawa pesa za watu wote kwenye kampuni nyingi na hati fungani."

Philipo aliinua kichwa.

"Kama ng'ombe wangu walioko Chikuyu," alisema.

Jenipher hakujua habari hizo. Philipo akamweleza. Alikuwa na ng'ombe wawili kwa rafiki yake kijiji cha Chikuyu, kama walivyofanya wazee wao. Rafiki anawachunga na kunywa maziwa. Wakizaa vizuri, rafiki anapewa mtamba mmoja, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, awe wake. Jenipher akamuuliza kwa nini aliwapeleka mbali hivyo, wakati zizi lake lina nafasi.

"Ili homa ikiingia kwenye zizi langu isiwamalize wote," Philipo alijibu. Kisha akaiangalia simu iliyokuwa mezani, na hakuigusa.

Jenipher alimaliza kwa ukali. Msiuze ng'ombe kununua hisa. Msikope kununua hisa. Msimpe pesa mtu yeyote anayekuja nyumbani kusema atawanunulia. Nendeni kwa dalali mwenye leseni, muulize ada yake ni kiasi gani, mdai risiti. Hata yeye Jenipher wasimpe.

"Mimi nilishaacha kazi," alisema. "Sina leseni tena. Nashika mkono wa mtu, sishiki pesa ya mtu."

Jambo hili lilikuwa rahisi kulielewa na gumu kulifanya. Philipo alikaa nalo muda. Hisa zile ndizo zilizomfanya aheshimiwe na ndugu zake. Kuuza hata sehemu ya hisa hizo ilikuwa kama kukubali kwamba zizi lake lipungue, watu wakiona. Rahabu hakumsukuma. Alimwekea chakula, akanyamaza, jambo ambalo kwake halikuwa jepesi.

Jioni moja Calist alianguka kwa kifafa karibu na maji ya ng'ombe. Philipo alifika wa kwanza. Alimlaza mwanawe kwa ubavu, akaondoa jiwe lililokuwa karibu na kichwa, akaweka shati lake chini ya shavu. Hakumtia kitu mdomoni. Alikaa naye chini mpaka mwili ulipotulia. Calist alipofungua macho, alimuuliza baba yake Sabuni yuko wapi.

Siku iliyofuata Philipo alimwambia Rahabu ajiandae waende Dodoma.

Walikwenda kwa basi, wakaingia ofisi ya dalali wakiwa wawili. Waliuza zaidi ya nusu ya hisa za Rubeho. Hawakuziuza zote siku moja. Waliuza fungu moja, na wakaagiza fungu la pili liuzwe baada ya miezi michache. Mkupuo ulipotoka, haukuingia Rubeho hata shilingi moja. Sehemu ilikaa benki. Sehemu kubwa ilinunua hati fungani. Kiasi kidogo kilikwenda kwenye vipande vya mfuko wa pamoja. Hisa za Rubeho zilizobaki wakaziacha ziwe pesa ya mbali. Pia waliandikisha jina la binti yao mkubwa, Emiliana, awe msimamizi wa pesa za Calist wao wakifa. Walimpigia simu kwanza wakamuuliza. Emiliana alilia, kisha akakubali.

Halafu bei ikaendelea kupanda.

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Wanauza sehemu, wanaona bei inapanda, wanarudi kununua kwa pupa. Philipo alikaribia kufanya hivyo. Kila Urbano alipopiga simu, swali lake lilikuwa moja: "Mzee, ile uliyouza ingekuwa kiasi gani leo?" Kisha alimtajia jibu yeye mwenyewe, akicheka. Philipo alikosa raha. Alianza tena kuangalia simu hata akiwa shambani.

Rahabu alimvumilia kwa muda, kisha akachoka.

"Tulichouza kimelipwa," alimwambia. "Tulichobakiza kinapanda na wewe. Unalilia nini? Unataka ng'ombe wako wote wawe mnadani siku zote?"

Philipo alicheka bila kupenda. Siku hiyo hakununua kitu. Wala siku zilizofuata.

Mwaka uliofuata Rubeho ilitangaza hesabu zake. Malighafi ilikuwa imepanda bei, na ujenzi ulikuwa umepungua. Faida ilishuka. Haikuisha, ilishuka tu. Lakini waliokuwa wamenunua kwa matumaini waliogopa, na wote wakataka kuuza kwa wakati mmoja. Ilikuwa kama mnada wa mwaka wa ukame. Kabla ya miezi miwili kwisha, bei ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu.

Katika siku hizo hizo, kifafa kilimshika Calist na hakikumwachia. Mwili uliacha kutetemeka, kisha ukaanza tena kabla hajapata fahamu. Hospitali ya misheni walimpa dawa ya kumtuliza, wakamwandikia rufaa ya Dodoma. Gari lilitakiwa saa ile ile. Vipimo vilitakiwa. Dawa mpya zilitakiwa, na zilikuwa ghali kuliko za zamani.

Rahabu alilipa kutoka kwenye pesa ya karibu. Ilikuwepo. Hakumpigia ndugu yeyote simu ya kuomba. Hakuuza ng'ombe. Hakungoja.

Siku ya tatu, katika hospitali ya Dodoma, Calist alifungua macho na kuuliza kama ng'ombe wamekunywa maji. Rahabu alitoka nje kwenye benchi alipokuwa amekaa mumewe. Philipo alikuwa ameshika simu. Bei ya Rubeho ilikuwa kwenye kioo.

Rahabu alikaa karibu naye. Aliiangalia namba ile, kisha akaangalia mlango wa wodi.

"Leo ndipo tungelazimika kuuza," alisema.

"Ndiyo," Philipo alisema. "Kwa bei ya mbuzi."

Alizima simu. Walikaa hivyo mpaka muuguzi alipowaita.

Calist alirudi nyumbani. Dawa mpya zilimfaa. Kila baada ya miezi sita riba ya hati fungani inaingia, na Rahabu kitu cha kwanza anachotoa humo ni pesa ya dawa hizo. Hisa za Rubeho walizobakiza bado ziko chini. Labda zitapanda, labda hazitapanda. Hakuna anayejua. Lakini hawalazimiki kuziuza, na hilo ndilo walilokuwa wanalitafuta.

Urbano alikuja tena baada ya mavuno. Safari hii aliingia kimya. Alisalimia taratibu, akakaa mbali na meza. Alieleza kwamba nyumba aliyoianza imebaki bila paa, na yeye ndiye mwenye hisa za kiwanda cha mabati. Alijaribu kucheka, ikashindikana. Zizi lake lilikuwa tupu tangu alipouza ng'ombe. Wajukuu wake walikuwa wanakunywa chai ya rangi. Alitaka kuziuza hisa zote siku ile ile, asizione tena.

Rahabu angeweza kumkumbusha maneno yake. Hakumkumbusha. Alimwita Jenipher.

Jenipher hakumpa Urbano matumaini ya uongo. Alimwambia hawezi kumwahidi kwamba bei itarudi. Lakini kuuza zote kwa hofu ni kosa lingine juu ya lile la kwanza. Alimshauri auze kiasi cha kumtosha kula na kujiendesha, atumie pensheni yake kwa uangalifu, na hisa zinazoweza kungoja zingoje. Bei ikipata nafuu, apunguze kidogo kidogo na kutawanya, asirudie kuweka yote mahali pamoja. Urbano alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Alipoinuka kuondoka, Philipo alimwambia asubiri. Alikwenda zizini akazungumza na Calist. Ilichukua muda, kwa sababu Calist hapendi ng'ombe aondoke. Kisha walitoka pamoja. Calist alikuwa amemshika kamba mtoto wa Sabuni, ng'ombe mweupe kama mama yake, aliyekuwa na ndama wa wiki chache.

"Nataka unitunzie huyu," Philipo alimwambia Urbano. "Maziwa ni yako. Akizaa vizuri, tutazungumza habari ya mtamba."

Urbano alifungua mdomo kumshukuru.

"Usinishukuru," Philipo alisema. "Zizi langu siliamini peke yake."

Calist aliwasindikiza mpaka barabara inapoanza kushuka kwenda Saranda. Hapo alimkabidhi Urbano kamba. Alimfundisha jina la ng'ombe huyo, akamfanya alirudie mpaka alipolitamka vizuri.

Jioni hiyo Philipo alisimama mlangoni mwa zizi na kuhesabu. Rahabu alipita na ndoo.

"Wamerudi wote?"

"Wawili wako Chikuyu. Mmoja na ndama wake wako kwa Urbano. Waliobaki wamerudi."

"Na zile nyingine?"

Philipo alipapasa mfuko wa shati. Simu alikuwa ameiacha ndani, na hakukumbuka tangu lini.

"Ziko huko zilikotawanywa," alisema, akaweka komeo la zizi. Calist alikuwa amekaa kizingitini na kikombe cha maji mkononi. Rahabu akampa dawa yake ya jioni. Aliimeza.